Bunduki Chini ya Mabirika

Kama kuna mtu aliyenichosha katika miaka yangu minne ya Riyadh kuliko madam na vyombo vyake vya Ramadhani, basi ni Alfayo, dereva wetu. Alfayo alikuwa na hotuba moja tu. Aliitoa asubuhi akiosha gari, akairudia mchana akisubiri watoto wamalize kula, na jioni akaipeleka kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya wa mtaa wetu wa Naseem, ambako hakuna aliyemwomba. Alitaka kila Mkenya mwenye akili timamu aruhusiwe kutembea na bunduki. Sababu yake ilikuwa kwamba polisi wa siku hizi si polisi tena, ni jeshi lililokosa vita likapewa raia.

"Mama Mitchelle, nieleze tu," alikuwa akiniambia mlangoni mwa jikoni, ndoo mkononi. "Karao anakuja kwako na gari la vita. Amefunika uso, hana namba, hana jina. Wewe uko na nini? Uko na ufagio."

"Niko na kazi," namjibu. "Toa hiyo ndoo, unanimwagia maji sakafuni."

"Mimi nasema ni right. Mtu mzima, hana kesi, apewe kibali abebe."

"Abebe apeleke wapi? Kwa posho mill?"

Anacheka, anarudi kwenye gari, na kesho yake anaanza upya kama mtu aliyelala akasahau. Velma, msichana wa nyumba ya jirani, alikuwa ameshamfungia kwenye simu yake. Mimi sikuweza kumfungia kwa sababu tulikuwa tunafanya kazi kwa kafili mmoja, yaani mwajiri aliyetuleta, na chumba chake kilikuwa pale pale karibu na geti.

Wiki ile sikuwa na nafasi ya kubishana naye hata kama ningetaka. Kichwani nilikuwa na jambo moja. Alhamisi ningepanda ndege niende nyumbani moja kwa moja. Mkataba wa kwanza, mkataba wa pili, halas, basi. Exit, ile ruhusa ya kutoka nchini, ilikuwa imeshatoka, tiketi iko kwenye simu, na kila usiku niliifungua nikasoma jina langu, Selipher, kuhakikisha hawajalikosea. Binti yangu Mitchelle nilimwacha na miaka saba, anaishi na dada yangu Kakamega, sasa ana kumi na moja. Mara mbili mwaka huu aliniita "aunty" kwenye simu kisha akajirekebisha haraka, na mimi nikajifanya sikusikia.

Ndipo ikaja hii harusi ya Jeddah. Mpwa wa bosi alikuwa anaoa Jumanne, na nyumba ya sherehe ni ya mjomba wake madam, kule Ruwais karibu na bahari. Familia ingeenda kwa ndege. Mazulia, mabirika ya kahawa, vyetezo na masanduku ya nguo yangeenda kwa gari na Alfayo, kilomita karibu elfu moja, na mimi ningeandamana na gari ili vyombo visivunjike. Madam aliahidi kwamba Jumatano ningerudi Riyadh nao kwa ndege, nichukue sanduku langu, na Alhamisi niende zangu. Nilihesabu siku kwenye vidole, nikaona zinatosha, nikakubali. Si kwamba nilikuwa nimeulizwa.

Jumapili alasiri bosi aliniita stoo. Bosi wangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Hapigi kelele, hatukani, akikukuta umebeba kitu kizito anakusaidia. Alikuwa ameshika bunduki ndefu ya zamani, kitako chake kimevishwa pete za fedha.

"Ya babu," alisema. "Kwa arda." Arda ni ngoma yao ya harusi, wanaume wanasimama mistari miwili na kucheza na panga, na wazee wengine wanainua bunduki za mababu zao. "Ifunge vizuri, Selipher. Iweke chini ya mabirika."

"Baba, iko na kibali?" nilimuuliza. Neno lenyewe nilikuwa nimelisikia kwa Alfayo mara elfu, likanitoka bila kufikiri.

"Kibali ipo. Mafi mushkila, hakuna shida." Akanipa ile bunduki kama mtu anayenipa mkate. "Alfayo usimwambie. Anaongea sana."

Hapo nilimuunga mkono kabisa. Nikaifunga kwenye blanketi la manyoya, nikaizungushia kamba ya kuanikia nguo, nikailaza chini ya sanduku la mabirika, nikaweka mazulia juu. Sikuogopa. Nilichowaza ni kwamba mdomo wa bunduki usije ukakwaruza mabirika ya madam, nikausokotea soksi ya mtoto. Ndivyo kazi hii inavyokufanya. Miaka minne unafunga vitu vya watu, unafika mahali huoni tena ni kitu gani unachofunga.

Tuliondoka Jumatatu alfajiri. Kufikia saa mbili hotuba ilikuwa imeshaanza.

"Kuna nchi," Alfayo alisema, macho barabarani, "mwananchi anaingia dukani, ananunua bunduki, anatembea nayo. Polisi wakimwona wanamwambia good morning."

"Alfayo, nataka kulala."

"Lala, mimi naongea polepole. Sisi kwetu polisi akitaka anapewa helmet, ngao, gari la chuma, sijui mabomu ya machozi ya aina gani. Raia akiuliza naye apate nini, anaambiwa wewe tulia. Nitulie namna gani?"

Aliendelea hivyo tukapita miji, tukapita vibao vya tahadhari ya ngamia, tukapita mahali ambapo hapana kitu kabisa isipokuwa nguzo za umeme. Alieleza aina za bastola. Alieleza mtu anavyopaswa kupimwa akili kabla ya kupewa kibali, na nikafikiri kwamba kipimo hicho angekifeli kabla hajakaa chini. Kichwa kiliniuma. Nilikuwa najua kilicholala nyuma ya kiti chetu, na yeye hajui, na kila alipotamka neno bunduki nilihisi kama mtu ananikanyaga kidole kile kile.

Tulisimama kwenye kituo cha petroli katikati ya jangwa, kilomita mia tano na ushei kutoka Riyadh. Aliniletea chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi, akaegemea mlango wangu.

"Lakini serious, Mama Mitchelle," alisema. "Wewe ukipewa bunduki leo, hutabeba?"

"Bunduki unaitaka sana?" nilimwambia. "Iko nyuma yako. Chini ya mabirika. Nenda ubebe."

Alicheka. Kisha akaniangalia vizuri, akaacha kucheka. Akaweka chai yake juu ya boneti, akafungua mlango wa nyuma, akavuta mazulia. Nilisikia mabirika yakigongana. Nilitoka nikamfuata, nikamkuta amefunua blanketi upande mmoja tu, anatazama kitako chenye pete za fedha. Mikono yake aliiweka nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki.

"Nani alipakia hii?"

"Mimi. Bosi alinituma."

"Iko na risasi?"

"Nijuaje?"

"Mama Mitchelle! Umepakia bunduki hujaangalia risasi?"

"Mimi ni mpishi, Alfayo! Ningeangalia wapi? Si wewe ndiye profesa?"

Alifunika lile blanketi kwa ncha za vidole. Hakuiangalia risasi, na hapo ndipo nilipotambua kwamba profesa wetu hajawahi kushika bunduki maishani mwake. Alimpigia bosi, akaweka spika. Bosi alikuwa uwanja wa ndege, nyuma yake watoto wanapiga kelele. Alfayo aliuliza kwa Kiarabu chake cha barabarani ikiwa kibali kiko ndani ya gari. Bosi akasema kibali kiko kwenye droo nyumbani, kina jina lake, yalla, endesha. Alfayo akauliza kama kile kibali ni cha kuweka nyumbani au cha kutembea nayo. Pakawa kimya kidogo, watoto tu wakisikika. "Mafi mushkila," bosi akasema, simu ikakatika.

"Ni cha nyumbani," Alfayo aliniambia. "Umesikia vile amenyamaza? Ni cha nyumbani. Hata yeye mwenyewe haruhusiwi kuitoa nje, mimi dereva ndiyo nitaruhusiwa?"

"Wewe ndiye umekuwa ukitaka haki ya kubeba. Sasa beba!"

"Haki ni yangu nikiwa na kibali changu! Hii bunduki ni ya bosi, kibali ni cha bosi, na bosi anapanda ndege. Tukishikwa, mimi ndiye niko kwenye usukani."

Alitaka tuiache pale. Nikamuuliza tumwachie nani, muuza chai? Alitaka turudi Riyadh. Nikamwambia turudi kilomita mia tano, halafu bosi atuambie nini, na Jumatano yangu iende wapi, na Alhamisi yangu? Alikaa chini kwenye kivuli cha gari nusu saa nzima, akisonya. Mimi ndiye niliyemwambia twende. Lazima niseme hivyo, maana baadaye watu kwenye kundi walimlaumu yeye, na mimi sikuwajibu.

"Umepita vizuizi mara ngapi na hili gari?" nilimuuliza. "Wamewahi kukupekua? Wanaona gari la familia, wanaona masanduku, wanakupungia mkono. Unashusha kioo, unasema salaam aleikum, unatoa ikama yako, kitambulisho cha ukaazi, unatabasamu. Ni hayo tu."

"Ni hayo tu," alirudia.

Tulifanya mazoezi kabisa. Mimi nikawa polisi, yeye akashusha kioo na kutabasamu, nikamwambia apunguze meno. Kwenye kizuizi cha kwanza mambo yakawa hivyo hivyo. Polisi kijana, kofia imemkaa upande, akatazama mbele, akatupungia mkono. Cha pili vilevile. Tuliteremka milima ya Taif, tukashika ile barabara ya sisi wasio Waislamu inayozunguka Maka kwa mbali, na Alfayo akaanza hata kuimba pambio. Hotuba hakuigusa tena. Nilifurahia kimya chake, naomba Mungu anisamehe.

Kizuizi cha tatu kilikuwa karibu na Jeddah, yapata saa tisa mchana. Sijui siku hiyo kulikuwa na nini. Labda mgeni mkubwa alikuwa anapita, labda ni mazoezi yao, hakuna aliyetueleza na sisi si watu wa kuelezwa. Pembeni palikuwa na gari la chuma la rangi ya mchanga, bunduki kubwa juu yake, na mbele yake wanaume wanne au watano waliovaa fulana za kuzuia risasi, nyuso zimefunikwa mpaka chini ya macho. Polisi wa kawaida walikuwa pale pale wakipungia magari mkono kama siku zote. Magari mbele yetu yalipita, moja baada ya jingine.

Alfayo alipunguza mwendo. Kisha akasimama kabisa, mita hamsini kabla ya kufika, katikati ya njia. Nyuma yetu watu wakaanza kupiga honi.

"Songa," nilimwambia. "Alfayo, songa, wanapungia mkono."

Hakunisikia. Alizima gari. Akachomoa ufunguo, akauweka juu ya dashibodi mahali pa kuonekana. Akafungua mlango polepole, akatoka mikono ikiwa juu, akatembea mpaka mbele ya boneti, akapiga magoti juu ya lami. Akafunga vidole nyuma ya kichwa, akainamisha uso.

Hakuna aliyekuwa amemwambia apige magoti. Hakuna aliyekuwa hata anamtazama. Sasa wote walimtazama. Wale wa nyuso zilizofunikwa waliinua bunduki zao kwa mara ya kwanza, wakaanza kupaza sauti, na Alfayo kila aliposikia sauti alishuka zaidi, akalala kifudifudi, shavu kwenye lami ya saa tisa ya Jeddah. Walikuwa wanamwambia asimame. Mimi nilikuwa naelewa, Kiarabu cha jikoni kimenifundisha amri zote.

"Alfayo, wanasema inuka!" nilipiga kelele dirishani. "Inuka, wewe! Wanasema simama!"

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Tumefanya mazoezi! Salaam aleikum, ikama, tabasamu, kitu ambacho hata mtoto wa nasari angekifanya, na mwanamume mzima anajilaza barabarani kama jambazi. Walimwinua, wakanitoa nami, wakafungua mlango wa nyuma. Mazulia, vyetezo, sanduku la mabirika. Yule aliyelivuta blanketi aliondoa soksi ya mtoto mdomoni mwa bunduki, akawaonyesha wenzake.

Ile bunduki haikuwa na risasi. Nililiona hilo kama bahati, siku ambayo bahati ilikuwa ndogo.

Kituoni, ndani ya Jeddah, tulipelekwa kwa kapteni mmoja mwenye miwani. Lazima niwe mkweli, alitupa maji na akamwita mtu amletee Alfayo dawa ya kupaka shavuni. Mkalimani hakuwapo. Kapteni alipoona mimi naelewa, akasema basi wewe ndiye utakayetafsiri.

"Muulize kwa nini alipiga magoti," alisema. "Watu wangu wanasema walikuwa hata hawajamwona."

Nikamgeukia Alfayo, hasira bado zimenijaa. "Anauliza kwa nini ulipiga magoti. Hata mimi nauliza. Kwa nini?"

Suruali yake ilikuwa imechanika gotini na damu imegandia kitambaa.

"Nilikuwa soja, mlinzi wa jengo, mjini kwetu Kenya," alisema. "Mimi na jamaa anaitwa Gilbert. Rungu moja, kitabu cha wageni, basi. Siku moja ya maandamano likaja gari halina namba. Wakashuka wamefunika nyuso. Wakasema piga magoti. Mimi nikapiga. Gilbert akasema, 'Afande, mimi ni soja wa hapa,' akaingiza mkono mfukoni atoe kitambulisho cha kazi."

Alikwangua damu iliyoganda gotini.

"Nililala pale karibu na yeye mpaka wakaenda," alisema baadaye. "Tangu hiyo siku, nikiona uso umefunikwa na bunduki, magoti yanaenda yenyewe. Nilidhani nikitoka kule itaisha. Hapa nimeona polisi mwaka mzima, hakuna shida, lakini hao wa kufunika uso sikuwa nimewaona."

"Na ungekuwa na bunduki siku hiyo?" Sijui kwa nini nilimuuliza. Nadhani ni mazoea ya kubishana.

"Sijui, Mama Mitchelle. Labda tungekufa wawili." Alijipangusa pua kwa mkono. "Mimi huongea tu. Nikinyamaza ndiyo naanza kumwona."

Nilimtafsiria kapteni nilivyoweza. Sikuwa na Kiarabu cha mambo hayo. Nilikuwa na maneno ya mchele na pasi na mtoto amelala. Nilisema: rafiki yake, polisi, mkono mfukoni, amekufa. Kapteni aliniangalia juu ya miwani, akaandika kitu, akasema Mungu amrehemu. Nilikumbuka miezi yote ile niliyomwambia Alfayo anyamaze nifanye kazi, na niliona haya. Aibu hiyo ikanikasirisha zaidi, maana sikuwa nimeomba kujua.

Kisha kapteni akampigia bosi. Bosi alikuwa ameshafika Jeddah. Walisalimiana kwa muda mrefu kama wanavyosalimiana, kisha nikaona uso wa kapteni umetulia. Akanipa simu, akasema kafili wako anataka kukusalimia, akaondoka kwenda kumwita mtu wa kuchapa maelezo.

"Selipher," bosi alisema kwa upole wake ule ule. "Umekula? Sikiliza. Mimi nimewaambia bunduki ilikuwa stoo, sijui ilitokaje. Wewe ulipakia nguo na mabirika tu. Gari alipakia dereva. Sawa? Alhamisi unasafiri. Mtoto anakusubiri. Usijiingize."

"Baba, lakini wewe ndiye..."

"Atakaa kidogo, nitamtoa. Mafi mushkila."

Hilo mafi mushkila nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu. Friji imeharibika, mafi mushkila. Umeumwa jino wiki nzima, mafi mushkila. Nilikata simu, nikairudisha juu ya meza ya kapteni.

Alfayo alikuwa amesikia. Sauti ya simu ile ya kapteni ilisikika mpaka nje.

"Sema hivyo," aliniambia. "Sema ni mimi nilipakia. Mimi sina mtoto. Wewe enda kwa Mitchelle."

"Usinifanyie ushujaa hapa, Alfayo."

"Si ushujaa. Ni hesabu tu. Mtu mmoja aende."

Kapteni alirudi, akaketi, mchapaji akafungua kompyuta. "Dereva anasemaje?" kapteni aliniuliza. "Nani aliyepakia silaha?"

Mchapaji aliweka vidole tayari. Ningeweza kutafsiri alichosema Alfayo, neno kwa neno, na usingekuwa uongo. Ndivyo alivyosema kweli. Ningekuwa mkalimani mzuri. Nilimwona Mitchelle uwanja wa ndege na dada yangu, kimo chake kipya nisichokijua. Kisha nikamtazama huyu mjinga mwenye damu gotini, mtu ambaye hata mtu asipomwambia apige magoti anapiga, na nikajua akiingizwa kwenye chumba kimoja na watu wenye bunduki na kuulizwa swali lolote atajibu ndiyo. Bosi asingemtoa. Angesema kesho, angesema baada ya harusi. Nilimchukia bosi, nikamchukia babu yake na bunduki yake, nikajichukia mimi na ile soksi.

"Anasema hakujua chochote," nilisema. "Na ni kweli. Nilimwambia mimi tukiwa njiani. Bunduki niliifunga mimi, kwa mikono yangu, Jumapili, stoo. Kafili ndiye aliyenipa. Alisema ni ya arda."

Mchapaji hakuchapa. Kapteni alivua miwani.

"Sikiliza, dada," alisema. "Nikiandika hivyo, wewe ni shahidi. Shahidi hatoki nchini mpaka kesi iishe. Exit yako itafungwa leo hii. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Rudia basi. Ninataka kuwa na hakika."

Kurudia! Kusema mara moja kulinimaliza nguvu, na mtu ananiambia nirudie. Alfayo, ambaye Kiarabu chake ni cha barabarani lakini neno "mimi" analijua, alianza kutikisa kichwa. "Mama Mitchelle, umewaambia nini? Umesema nini?"

"Nyamaza," nilimwambia. Kisha nikarudia yote tangu mwanzo, na yule mtu akachapa.

Bosi alikuja jioni ile na mjomba wake madam, kanzu nyeupe imepigwa pasi niliyoipiga mimi. Hakukataa tena. Alisema alisahau, alisema ni mila, alisema kibali kipo, na kapteni akamsomea kile kibali kwenye kompyuta: kuweka nyumbani, si kubeba, na si kwa mkono wa mtu mwingine. Akatia sahihi, akaondoka nami. Alinipeleka moja kwa moja Ruwais. Alfayo walimwachia siku ya tatu, na bosi akamwambia atafute kafili mwingine. Harusi ilifanyika. Kwenye arda bosi alicheza na upanga wa kuazima, na watu walisema alipendeza.

Madam hasemi nami. Akitaka chai anamtuma mtoto aniambie.

Alhamisi ile, saa ambayo ndege yangu ilikuwa inaruka, nilikuwa juu ya paa la nyumba ya Ruwais nikianika mashuka ya wageni. Simu ikalia. Alikuwa Mitchelle, akiongea mbio, maana dada yangu hakuwa ameweza kumwambia, aliniachia mimi.

"Mum, mwalimu ameniruhusu! Kesho siendi shule, nakuja airport. Nimeambia watu wote."

Nikamwambia. Sikumweleza bunduki wala kapteni, nilimwambia tu kuna kazi ya karatasi imebaki. Nilitamani alie ili nipate la kufanya, nimbembeleze, lakini hakulia. Ana miaka kumi na moja na ameshajua kutolia.

"Sasa ni lini?" aliuliza.

"Tarehe kumi na nane, mwezi wa pili."

Hiyo ni tarehe ya kesi. Sikuwa na tarehe nyingine.

"Kumi na nane, mwezi wa pili," alirudia. "Ngoja, usikate."

Nikamsikia akitafuta kalamu.